Kisanduku Kisichopimwa

Anjelina aliligundua jambo lile kwenye mizani, Jumanne moja mchana, mumewe akiwa amelala.

Walikuwa wakiishi Chamwino, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma waliyoijenga kidogo kidogo, miaka ile Castory alipokuwa askari wa wanyamapori na yeye akigawa dawa kwenye dirisha la zahanati. Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu, na binti yao wa pekee, Paulina, alikuwa ameolewa Mwanza. Uhai wa nyumba ulikuwa umebaki kwenye chumba cha uani. Humo Castory alikuwa na meza nzito ya mninga, mashine ndogo ya mkono iliyokazwa mezani kwa bolti, mizani, na makopo ya maganda ya risasi aliyoyang'arisha mpaka yakawaka.

Kazi ya chumba kile ilikuwa kujaza risasi upya. Castory alikuwa katika klabu ndogo ya kulenga shabaha, watu kumi na wanne, kila mmoja na vibali vyake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi walikwenda Mlali, kwenye korongo lililokingwa na kilima kwa nyuma, wakapiga karatasi zilizotundikwa umbali wa mita hamsini. Mshindi alipewa jogoo, na aliyeshika mkia ndiye aliyemchinja na kumnyonyoa. Kwa mchezo wa namna hiyo risasi za dukani zilikuwa ghali mno, tena zilikuwa na nguvu za kuangushia nyati. Basi Castory aliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayatia fataki mpya za kuwashia na baruti kidogo, kisha akayafunga kwa vichwa alivyovimimina mwenyewe. Madini ya risasi ya kumimina vichwa hivyo aliyapata Kibaigwa, kwa mafundi wanaobalansi matairi ya malori ya mahindi. Wao walimwita Mzee Risasi.

Kwa mita hamsini baruti inayotakiwa ni kiduchu. Ukichungulia ndani ya ganda utadhani halina kitu. Castory alimweleza mkewe hatari ya jambo hilo tangu mwaka wa kwanza.

"Ganda hili, Mama Paulina, linaweza kumeza kipimo mara mbili lisikuonyeshe dalili yoyote. Kipimo kimoja kinatoboa karatasi. Viwili vinapasua bunduki usoni mwa mtu."

Kwa hiyo alipokuwa mezani redio ilizimwa, simu iliachwa sebuleni, na mgeni alisubiri barazani hata angekuwa padre. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutoa risasi moja mbovu.

Jumanne ile alitoka uani kuja kula, akanawa mikono, akakaa mbele ya ugali wake wa uwele. Halafu akamwuliza mkewe, "Hivi nimeshatia baruti?"

Anjelina alicheka. "Mimi nitajuaje, Baba Paulina?"

Naye alicheka, akala, akaenda kujinyoosha. Lakini swali lile lilimganda Anjelina kifuani. Aliacha vyombo bila kuviosha, akaenda kwenye chumba cha uani. Mezani palikuwa na kisanduku cha risasi hamsini zilizokamilika. Mikono yake ilikuwa imepima dawa miaka thelathini, na maganda yale Castory alikuwa ameyachambua yawe ya uzito mmoja. Akaziweka kwenye mizani, moja moja. Arobaini na nane zilikuwa sawa. Moja ilikuwa nyepesi. Moja ilikuwa nzito.

Alichukua nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, akazifungua zote mbili. Ile nyepesi haikuwa na baruti kabisa. Ile nzito ilikuwa na vipimo viwili.

Alikaa kwenye kigoda cha mumewe, akaanza kukumbuka yale aliyokuwa akiyaita uzee. Castory amevaa suti Alhamisi, amekwenda kanisani, amekuta mlango umefungwa. Castory amemwita yeye kwa jina la wifi yake marehemu. Castory ametoa pole ya msiba kwa jirani mara mbili asubuhi moja, mara zote mbili machozi yakimlengalenga.

Angeweza kusema siku ile ile. Lakini alimkumbuka pia Castory wa baada ya kustaafu, miaka miwili mizima akikaa ukingoni mwa kitanda na uso umeelekea ukutani, hataki kunyoa, hataki kuongea. Aliyemtoa pale ni Masudi. Huyo alikuwa mtumishi wa wizara, mtu wa Korogwe, aliyehamia Dodoma serikali ilipohamia. Alikuja Chamwino kutafuta mtu wa kumfundisha kutunza bunduki aliyoirithi kwa baba yake, akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka akamwingiza Castory klabuni. Tangu hapo Castory alikuwa mtu tena. Alinyoa. Aliimba akioga. Kumwondoa kwenye meza ile, Anjelina alijiambia, ni sawa na kumrudisha ukutani.

Akazijaza upya zile risasi mbili kwa kipimo sahihi, akazirudisha kisandukuni. Castory alipoamka alimkuta anaosha vyombo.

Basi ikawa hivyo kwa miezi minane. Kila Castory alipolala mchana, Anjelina aliingia chumbani mwake na kupima. Mwezi wa pili mbovu zilikuwa tatu katika hamsini. Mwezi wa tano zilikuwa tisa. Mwisho akaacha kuhesabu. Alizifungua zote, akamwaga baruti, akaanza upya yeye mwenyewe, masikio yakisikiliza kikohozi cha mumewe upande wa pili wa ukuta. Alizoea. Mkono wake ukawa mwepesi kuliko alivyotarajia.

"Kaka, risasi zako siku hizi zinaimba," Masudi alisema Jumamosi moja barazani kwao, akinywa chai ya tangawizi ambayo Anjelina alimwekea kila alipopita. "Tano zote nimezipitisha kwenye tundu moja."

Castory alijinyoosha kama kijana. Anjelina, aliyekuwa amesimama na birika, aliona fahari, na papo hapo akaona aibu ya fahari ile.

Debora, mwalimu wa michezo aliyekuwa msimamizi wa uwanja wa Mlali, alimvuta Anjelina pembeni mwezi wa saba, alipomrudisha mzee nyumbani. "Mama Paulina, shikamoo. Mzee yuko sawa kweli? Leo ameniuliza jina langu mara mbili."

"Marahaba, mwanangu. Ni usingizi tu. Mbu wametusumbua."

Mara ngapi aliwaambia wagonjwa pale dirishani kwamba mficha maradhi kifo humuumbua? Neno hilo lilimpitia kichwani Debora akiondoka, naye akalisukuma pembeni.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatano, alipigiwa simu kutoka Kibaigwa. Dada yake Anyesi alikuwa ameanguka kwa shinikizo la damu, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Jumamosi ilikuwa siku ya shabaha. Anjelina alipanga nguo mbili kwenye mkoba, akakiweka kisanduku alichokwisha kukipima juu ya kabati la sebuleni, akamwonyesha mumewe.

"Risasi za Jumamosi ni hizi. Usihangaike kujaza nyingine."

"Sawa, mama. Msalimie Anyesi."

Ufunguo wa chumba cha uani ulikuwa ukining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Anjelina aliuchukua. Alikuwa ameshafungua mkoba autumbukize alipogeuka, akamwona Castory amesimama anamtazama. Hakuwa na hasira wala mashaka. Alikuwa anamtazama tu, kama mtu anayesubiri kuelezwa.

"Nilidhani umedondoka," Anjelina alisema, akaurudisha kwenye msumari.

Alitaka kurudi Ijumaa, lakini Ijumaa Anyesi alizidiwa. Jumamosi saa mbili asubuhi, akiwa kwenye ukumbi wa kituo cha afya na ndugu wamejaa kwenye mabenchi, alimpigia mumewe. Castory alikuwa tayari ndani ya gari la mwanaklabu mwenzake, njiani kwenda Mlali, mwenye furaha.

"Umechukua kile kisanduku cha juu ya kabati?"

"Kisanduku gani? Nimejaza kipya kabisa jana. Hiki ni zawadi ya Masudi. Leo lazima ashinde jogoo!"

"Baba Paulina, hizo msizitumie."

"Kwa nini?"

Ndugu walikuwa wakimsikiliza. "Basi tu. Subiri kwanza nizione."

"Uzione wewe?" Castory alicheka kwa upole. "Mama Paulina, umechoka kuuguza. Lala kidogo." Akakata.

Kitu cha kufanya kilikuwa wazi: ampigie Masudi, au Debora. Lakini kumpigia yeyote kati yao ilikuwa kusema yote, na kusema mbele ya wake wa kaka zake na vijana waliomwita Castory babu. Aliigeuza simu mkononi. Alijiambia watachelewa kuanza. Alijiambia pengine mumewe alikuwa na siku njema jana, pengine zote ziko sawa. Alikwenda kumtazama Anyesi, akamfunika shuka ambalo halikuwa limefunuka. Aliporudi ukumbini zilikuwa zimepita dakika ishirini, hapo ndipo alipompigia Masudi. Simu haikupatikana. Ya Debora haikupatikana. Alijua vizuri kwamba kule korongoni hakuna mtandao.

Alitoka mbio barabarani, akapanda bodaboda ya kwanza.

"Mlali, kijana wangu. Kimbiza uwezavyo."

Walifika saa nne. Kabla hajashuka alijua, kwa sababu hakukuwa na mlio wowote. Watu walikuwa wamesimama makundi makundi, na gari la Debora halikuwepo. Kwenye gunia la kulalia mpigaji palikuwa na damu iliyoanza kukauka, na pembeni yake bunduki ya marehemu baba yake Masudi, imechanika pale mtutu unapoungana na kitako. Hakuna aliyemsogelea Anjelina. Mwanamume mmoja alivua kofia.

Castory alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi. Alikuwa anachambua maganda, ya kwake huku, ya wenzake kule. Alipomwona mkewe uso ulimchangamka.

"Umekuja! Masudi kaenda wapi? Ni zamu yake."

Masudi alipoteza jicho la kushoto na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alilazwa hospitalini mjini Dodoma, na siku ya tatu Anjelina alikwenda kumwona. Mkewe Mwanasha alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Pole na wewe, dada," Mwanasha alisema. "Najua mzee ana hali gani nyumbani. Ajali haina kinga. Mungu ndiye aliyepanga."

Laiti angemtukana. Anjelina alikuja akiwa ameamua kuwaombea radhi kwa niaba ya mumewe na kuishia hapo, lakini wema ule ulimshinda. Akasimulia yote, akianzia kwenye ile nyepesi na ile nzito. Alisimulia habari za ufunguo. Alisimulia habari za dakika ishirini pia, ambazo hakuna mtu duniani angezijua asingezisema mwenyewe.

Masudi alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Miezi minane?" aliuliza.

"Miezi minane."

"Nami nilikuwa nakuja kwako kunywa chai. Nakusifia risasi mbele ya uso wako."

"Ndiyo."

"Kaka Castory simdai neno, shemeji. Akili zimemtoroka, hata ningekuwa mimi. Lakini wewe akili zako ulikuwa nazo."

Mwanasha aliinuka. Hakupaza sauti. Aliuokota mkoba wa Anjelina sakafuni, akaufuta vumbi kwa kiganja, akampa. Kisha akafungua mlango, akasimama akiushikilia mpaka Anjelina alipotoka.

Polisi walikuja Chamwino, naye Anjelina aliwaandikisha maelezo yale yale bila kupunguza kitu. Walichukua bunduki, baruti, mashine, hata makopo ya maganda. Waliyasikiliza maelezo ya daktari kuhusu Castory, wakamwacha. Yeye Anjelina aliambiwa ataitwa. Klabu ilijifunga yenyewe, na hakuna aliyesema itafunguliwa lini. Castory alisimama uani akitazama vitu vikipakiwa, kama mwenye nyumba anayetazama wapangaji.

"Wanahama?" aliuliza.

Kilichokuja kumchosha Anjelina kuliko mahojiano yote ni asubuhi. Kila asubuhi Castory aliamka akauliza habari za Masudi. Siku ya kwanza Anjelina alimwambia kweli, maana alikuwa ameapa hatasema uongo tena. Castory alilia, mtu mzima mwenye mvi, akajipiga kifua kwa ngumi, akasema, "Nimemuua mdogo wangu, nimemuua." Ilimchukua mpaka jioni kutulia. Kesho yake alifungua macho, akatabasamu. "Masudi hajapita wiki hii?" Anjelina akamwambia tena, naye akalia tena, kilio kile kile, kipya. Siku ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya nne alipouliza, Anjelina alitazama dari.

"Amesafiri," alisema. "Atarudi."

Masudi alikuja mwanzoni mwa mvua, wakati zabibu zinaanza kubadilika rangi kwenye mashamba ya jirani. Mwanasha ndiye aliyeendesha gari, na alibaki ndani ya gari. Castory alikuwa barazani. Alipomwona mgeni aliinuka na mikono yote miwili mbele.

"Masudi! Safari ndefu hiyo, bwana!" Halafu akakiona kile kitambaa cheusi juu ya jicho, akaushika ule mkono, akahesabu vidole kwa kuvigusa. "Nani amekufanya hivi, mdogo wangu?"

Anjelina alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Bunduki ya mzee wangu ilikuwa na kasoro, kaka."

"Kwa nini hukuniletea niikague?"

"Sikuileta. Ni kosa langu."

"Hapana!" Castory alipiga meza kwa kiganja. "Bunduki ile naijua, ilikuwa nzima. Hii ni kazi ya mtu aliyejaza risasi ovyo. Mtu wa namna hiyo ni muuaji. Niambie jina lake, Masudi. Niambie!"

Masudi alimtazama Anjelina kwa jicho moja, kitambo kirefu.

"Yameshapita, kaka," alisema. "Hebu nikae hapa, uniambie habari za pori la Rungwa. Zile za simba."

Castory akasimulia habari za Rungwa. Hizo alizikumbuka zote: majina ya askari wenzake, mito, hata mbwa waliokuwa naye. Masudi alicheka palipostahili kucheka. Chai ilikuwa mbele yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuigusa. Alipoaga, Castory aliushikilia ule mkono wa vidole vitatu, akakataa kuuachia mpaka Masudi mwenyewe alipouchomoa taratibu.

Anjelina alimfuata hadi getini.

"Asante kwa kuja, ndugu yangu."

"Nimekuja kwa ajili yake."

"Utakuja tena?"

"Nastaafu mwezi wa sita. Mwanasha anataka turudi Korogwe." Alisimama, mkono wake mzima umeshika geti. "Kama ungenipigia tu, shemeji. Wakati wowote katika ile miezi. Ningekuja tukakaa naye pamoja, tungejua la kufanya. Nilikuwa nampenda na mimi."

"Nisamehe, Masudi."

Alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na hata siku ile hakutaka kusema neno asilokuwa nalo moyoni.

"Sijafika huko," alisema. "Nikifika nitakuambia."

Gari liliondoka. Mwanasha hakugeuza kichwa. Anjelina alisimama mpaka vumbi likatua, kisha akarudi barazani. Castory alikuwa bado ameketi, ametulia, mtu aliyefurahia mchana wake.

"Mgeni wetu ni mtu mwema," alisema. "Anafanana kidogo na Masudi."

"Ndiye Masudi, Baba Paulina."

Castory alimcheka, kicheko kile cha upole kama cha kwenye simu. "Acha utani. Masudi ana macho yake mawili."

Anjelina aliinama akachukua kikombe cha mgeni, kimejaa, kimepoa, na utando umetanda juu. Akazunguka nacho nyuma ya nyumba, akapita mlango wa kile chumba kitupu, akaimwaga chai kwenye mchanga, akasimama pale akiitazama mpaka ardhi ilipomaliza kuinywa.